Nyimbo Kumi za Nerva Hensley

Tolliver Fork, Kentucky
4 Machi 1973

Mpendwa mdogo wangu Nerva,

Natumaini mlifika Nashville salama na barafu haikuwasumbua mlimani. Sisi wazima. Mama hajambo, isipokuwa miguu inamvimba jioni, na vidonge bado anavificha chini ya mto akidhani sioni. Mume wangu Hobert anakohoa kikohozi chake kile kile. Mgodini wamemhamishia juu, kwenye mizani ya makaa, akae mbali na vumbi. Nilimuuliza, "Nimsalimie Nerva?" Akajibu, "Andika utakavyo." Basi hizo ndizo salamu zake.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Sikutaka kulisema mbele ya mgeni wako. Ulituambia mnakuja kurekodi nyimbo za Mama zisije zikapotea, nami nikafurahi, maana siku hizi yeye mwenyewe anazichanganya. Lakini mtu anayetaka kumbukumbu tu, kwa nini azime friji? Kwa nini aitoe saa ukutani na kuifungia kwenye blanketi? Huyo Bwana Pruitt, mtayarishaji wako wa muziki, alinisimamisha jikoni kwangu kama mtu anayepimwa nguo, akanifanya niurudie wimbo mmoja mpaka koo likanikauka. Hobert anasema hajawahi kumwamini mwanamume anayevaa viatu vyeupe wakati wa theluji.

Na wewe hukuimba hata neno. Mama alikuomba mara mbili. Ukanong'ona kwamba una mafua, ukanywa chai yako ya asali, ukatazama dirishani. Tangu lini mafua yakakunyamazisha wewe? Ulipokuwa na surua uliimba mpaka Baba akatishia kukutoa nje.

Niandikie. Na uniambie mkanda ule uko wapi.

Dada yako,
Orlena


Nashville
19 Machi 1973

Dada Orlena,

Nimefurahi kupata barua yako, na nimefurahi zaidi kwamba Hobert ametolewa chini. Mwambie Mama vile vidonge ni vya kumezwa. Huku miti imeanza kuchipua na mwenye nyumba wangu ameanza tena kufuga kuku nyuma, kinyume cha sheria ya jiji, kwa hiyo asubuhi najisikia niko nyumbani.

Mkanda uko salama. Bwana Pruitt ni mtu makini, basi, ndivyo watu wa kazi hii walivyo. Wewe hujazoea.

Nina habari njema. Baada ya miaka mingi ya kunyimwa albamu, kampuni imekubali. Nyimbo kumi, zote za Mama, na jina langu juu. Tunafanyia kazi kwenye studio ndogo iliyokuwa duka la fanicha, bado inanuka vanishi. Arvil Tackett anapiga gitaa la kulaza mapajani, nalo linalia kama mtu. Mpiga ngoma analalamika tu. Anavaa hedifoni, anaifuata sauti, halafu anasema, "Huyu mwanamke anaimba kama anayepanda mlima, anapumzika anapotaka." Tunacheka. Mambo yanakwenda.

Usiwe na wasiwasi kila mara. Ulikuwa hivyo hivyo hata nilipopanda basi mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Nerva


Tolliver Fork
8 Aprili 1973

Mpendwa Nerva,

Mama anakusalimu. Juzi aliamka vizuri, akaomba mkate wa mahindi na maziwa mgando, akala akamaliza, kisha akaniuliza kama Baba amesharudi kutoka zamu. Nilimwambia bado. Hobert amepanda viazi. Binti wa Ova, yule mwenye duka, anaolewa na kijana wa kanisa la Kibaptisti asiyeruhusu muziki wa dansi, na Ova amenuna wiki nzima.

Hongera kwa albamu. Nasema kwa moyo wangu wote. Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kuna sehemu nimekwama. Unasema mpiga ngoma anavaa hedifoni na kuifuata sauti. Sauti ya nani, Nerva? Kama ni wewe unayeimba, si umesimama hapo mbele yake, anakuona ukivuta pumzi? Na wewe hujawahi kupumzika unapotaka. Mwalimu wa kwaya alikusifia hilo kanisa zima likisikia, na mimi akanigombeza kwa kupumzika ovyo.

Labda mimi sijui kazi ya studio. Basi nifundishe.

Orlena


Nashville
27 Mei 1973

Dada Orlena,

Nisamehe kwa kukawia, kazi imenibana. Nimemtumia Mama soksi za sufu, zile ndefu. Nimesikia harusi ya binti wa Ova ilifana, na kwamba Ova alicheza dansi hata hivyo, nyuma ya ghala.

Albamu inaendelea. Itatoka Novemba, lakini wimbo mmoja, "Theluji ya Aprili," watautanguliza redioni kiangazi hiki.

Nina ombi, na usiniulize mengi. Najua watakualika kuimba kwenye mkutano wa makanisa mwezi wa saba, kama kila mwaka. Mwaka huu usiende. Na akija mtu yeyote kutoka Nashville, mwandishi wa gazeti au mtu wa redio, usimwimbie. Mwambie koo linakuuma.

Ni mambo ya kampuni tu.

Nerva


Tolliver Fork
15 Julai 1973

Nerva,

Mama mzima. Hobert mzima. Bustani nzima.

Jumanne nilikuwa jikoni nachambua maharage. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti chake karibu na jiko, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akasema, "Nerva Hensley amerudi, na hajawahi kuimba hivi." Nikaacha maharage. Nilitaka kufurahi, Nerva, nataka ulijue hilo. Nikafuta mikono, nikaongeza sauti ya redio.

Ubeti wa kwanza haujaisha, Mama akasema bila kufumbua macho, "Orlena, imba taratibu. Hobert amelala."

Nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni, mdomo nimeufunga.

Hobert hakuwa amelala, alikuwa mlangoni. Alinitazama, akaitazama redio, akatoka nje akaanza kupasua kuni, katika joto la mwezi wa saba. Jioni akaniambia, "Nilikwambia kuhusu vile viatu."

Kanisani watu wananishika mkono. "Mdogo wako anaimba vizuri siku hizi, Orlena. Karibu akufikie." Nami nasema asante. Ningesema nini? Mkutano wa makanisa sikwenda, maana uliniomba nami kama mjinga nikakutii. Sasa najua kwa nini hukutaka nisikike.

Wewe una sauti yako. Tangu ukiwa mtoto watu walivuka mto kuja kuisikia. Umeichukulia nini yangu? Hizo nyimbo umezipata, jina umelipata. Mimi nilikuwa na kile kidogo cha kuimbia jikoni, nacho umekuja kukibeba kwenye sanduku, na mtu wa kukushikia mlango.

Ulijua kabla ya kuja? Nijibu hilo.

Orlena


Nashville
30 Agosti 1973

Dada,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Natumaini Mama hajambo. Natumaini Hobert ameacha kupasua kuni.

Sina sauti, Orlena. Septemba iliyopita daktari alitoa kijivimbe kwenye nyuzi za sauti. Aliniambia nikae kimya, nikakaa kimya, na niliporuhusiwa kufungua mdomo kikatoka kitu kama bawaba ya ghala. Nikasema kitapona. Mkataba nilikuwa nimeshautia sahihi. Nikawaambia ni mafua, kisha mzio wa vumbi, kisha mafua tena. Sikumwambia mtu isipokuwa Pruitt. Wewe sikukuambia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama angesahau, na ungelazimika kumwambia upya kila siku.

Tulipoondoka kwako Pruitt aliuweka mkanda kwenye gari. Tulikuwa njiani kabla hatujafika mpaka wa Tennessee, akasimamisha gari pembeni na kusema, "Nerva, albamu yako hii hapa." Sikusema ndiyo. Nilinyamaza mpaka tulipofika mjini, naye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu.

Jina lako haliwezi kuwekwa. Kampuni imemnunua Nerva Hensley, si mama wa nyumbani wa Kentucky wasiyemjua. Nakuomba kitu kimoja, unyamaze mpaka Novemba. Albamu ikishatoka tutatafuta namna.

Nerva


Tolliver Fork
9 Septemba 1973

Nerva,

Miguu ya Mama imepungua uvimbe, zile soksi zinamsaidia. Tumeweka maharage kwenye chupa, rafu ya chini imejaa. Ova ana redio mpya dukani, kubwa, na wimbo ule ukipigwa Jumamosi sauti inatoka safi zaidi kuliko kwetu, hata pumzi inasikika.

Nimesikitika kwa ajili ya koo lako, kama ni kweli. Utaniwia radhi kwa kuandika "kama." Mtu aliyeniambia mafua, na mkanda wa kumbukumbu, na mambo ya kampuni tu, sasa ananiambia daktari. Kesho utaniambia nini? Hobert anasema watu wa Nashville wana vyeti vya kila ugonjwa.

Unasema wazo lilikuja njiani, baada ya kuondoka kwangu. Lakini friji ilizimwa kabla. Saa ilifungwa kwenye blanketi kabla. Na nyimbo mlizozichagua ni zile tu zinazonikaa mimi vizuri. Ile ya juu sana ya Mama, ile uliyokuwa unaiimba wewe na mimi siiwezi, hamkuigusa. Nilikuuliza kama ulijua kabla ya kuja, ukanijibu mambo mengi, hilo ukaliruka.

Sitakuahidi kunyamaza. Wala sitakuahidi kusema.

Orlena


Nashville
2 Oktoba 1973

Dada Orlena,

Nawasalimu nyote.

Jana nilikuwa studio. Pruitt alikuwa anakula sandwichi, akasema tu, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Dada yako anapika pai ya tufaha nzuri sana." Nikamuuliza ameila lini. Mwezi wa pili hukutupikia pai, ulitupikia keki ya pera. Akababaika, kisha akasema, "Nilipita kule mwezi wa nane. Hakukuambia?"

Hukuniambia. Barua yako ya Septemba nimeitoa nikaisoma upya. Kuna miguu ya Mama, kuna maharage, kuna redio ya Ova ambayo sasa naelewa kwa nini unaipenda sana. Pruitt hayumo. Umeniita mwongo ukurasa mzima, na wakati unaandika ulikuwa umeshakaa naye mezani.

Alitaka nini? Ukampa nini? Kuna siku nazima taa nikijiuliza kama Novemba itatoka albamu yenye jina jingine kabisa, na mimi nikaisikia redioni kama ulivyoisikia wewe. Labda ndicho unachotaka. Labda ndiyo haki. Lakini uniambie, nisije kusikia kwa mtu anayekula sandwichi.

Nerva


Tolliver Fork
10 Oktoba 1973

Nerva,

Hatujambo. Ukungu umeshuka mpaka barabarani na Hobert amechinja nguruwe mapema mwaka huu.

Alikuja, ndiyo. Alikuja Hobert akiwa kazini, na nadhani alilikusudia hilo. Nilimkaribisha kwa sababu Mama alikuwa ameshamkaribisha, akidhani ni mchungaji mpya. Akakaa kwenye kiti cha Baba. Nikampa pai.

Akasema, "Mama Caudill, nitasema waziwazi. Dada yako amekwisha. Tumpe albamu hii aondoke kwa heshima. Lakini ya pili iwe yako, jina lako, picha yako."

Nikamuuliza, "Nerva anasemaje?"

"Nerva hahitaji kujua mapema. Ataumia bure."

"Na hii ya Novemba?"

"Hiyo utatia sahihi kwamba hukuimba wewe. Karatasi tu, ya kutulinda sote." Kisha akacheka kidogo, akasema, "Ungemwona studio. Anasimama pale mbele ya maikrofoni anafungua na kufunga mdomo, ili wapigaji wageni wasigundue. Kama samaki."

Aliyasema hayo kwenye meza ile uliyokulia utotoni. Mama akatabasamu, hakuelewa. Nikasema, "Malizia pai yako, Bwana Pruitt, barabara huwa mbaya baada ya mvua." Akaniuliza kama hiyo ni hapana. Sikumjibu mpaka alipokuwa ameshafungua mlango wa gari. Hapo nikamwambia hapana.

Sasa unajua. Unataka kujua kwa nini sikukuandikia, na kwa nini nilingoja mpaka mlango wa gari. Hilo nitabaki nalo. Nadhani wewe kuliko wote unaweza kukisia kinachompata mtu akiambiwa picha yake itakuwa mbele.

Hobert sijamwambia. Ukimwandikia, usiliguse.

Orlena


Nashville
18 Novemba 1973

Dada Orlena,

Natumaini barua hii na kifurushi vitafika pamoja, na Mama amejikinga na baridi. Nimeuza gari, natembea, na miguu yangu sasa inafanana na yake.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Kesho yake nilikwenda studio. Wapigaji walikuwa wamekuja kumalizia wimbo wa mwisho. Nilimwambia fundi atoe mkanda wa jikoni kwako na aweke mpya. Pruitt akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Naimba albamu yangu." Akasema nitajiaibisha. Nikamwambia akanunue sandwichi.

Ubeti wa kwanza ulitoka vibaya mpaka mpiga ngoma akaacha kupiga. Nilidhani atacheka. Arvil Tackett akainua macho kutoka kwenye gitaa lake, akasema, "Tushuke chini zaidi, Nerva. Chini kabisa. Tuone kuna nini huko." Tukashuka. Kulikuwa na kitu. Siyo kizuri, lakini kilikuwa changu. Tulizimaliza nyimbo zote kumi kabla ya jioni, maana nilijua kesho yake koo litakuwa limefunga.

Kampuni iliikataa, kama Pruitt alivyosema. Imenifuta. Niliziandikia redio kwamba "Theluji ya Aprili" wanayoipiga si mimi, na wimbo umeondolewa. Gazeti moja limeniita tapeli, nalo halikukosea. Jina lako sikulitaja, wewe ndiye wa kuamua. Arvil ana binamu mwenye mashine ya kuchapia santuri, ametuchapia chache, zenye jalada la karatasi tupu. Moja ni hiyo. Mkanda wako nao nimeurudisha. Uuchome, uufiche, uupeleke kwa umtakaye, shauri yako.

Uliniuliza kama nilijua kabla ya kuja. Hilo nitalijibu tukiwa tunatazamana. Siwezi kuliweka kwenye karatasi.

Nerva


Tolliver Fork
9 Desemba 1973

Mpendwa Nerva,

Mama mzima, Hobert mzima, theluji imefika dirishani. Kifurushi kilikaa juu ya friji bila kufunguliwa tangu kilipoletwa. Nilikuwa naogopa. Nilijiambia, huyu ameshanifundisha, nikiweka hii santuri nitaisikia sauti yangu tena, na safari hii sitaweza kuvumilia. Hobert akachoka kuniona nikikizunguka, akasema, "Fungua, au nifungue mimi kwa shoka."

Gramafoni ilikuwa na vumbi. Niliweka sindano, nikakaa kwenye kiti mikono mapajani kama niliyeitwa ofisini.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Huyo mwanamume kwao ni wapi? Anaimba kama mtu aliyefiwa."

"Ni Nerva, Mama."

"Nerva ana sauti nyembamba."

"Alikuwa nayo."

Wimbo ulipofika katikati niliona midomo ya Mama inafuata maneno, yote, kwa mpangilio, yeye ambaye asubuhi alikuwa hajui ni mwezi gani. Hobert alisikiliza upande mzima amesimama, kofia mkononi. Kisha akaigeuza santuri yeye mwenyewe, na hajawahi kuigusa ile gramafoni tangu tuinunue.

Siyo nzuri, Nerva. Umelisema mwenyewe nami sitakudanganya. Kuna mahali sauti inakatika na naona unaitafuta gizani kwa mkono. Lakini nimeshaisikiliza mpaka sindano imeanza kulalamika. Na kwenye "Theluji ya Aprili" maneno umeyakosea. Mama anasema "nimekuwekea sahani," wewe umesema "kiti." Wimbo ule ni wa mtoto mchanga aliyefariki, naye hakufikia kuwa na kiti.

Mkanda wangu sijauchoma. Niko nao. Usiniulize.

Basi la Krismasi linapita njia panda Jumamosi adhuhuri, Hobert amesema atakuja kukupokea, na hilo kalisema mwenyewe bila kuombwa. Mimi nitakuuliza swali langu kabla hujavua koti. Ukinizungusha, utalala kwa Ova, na Ova anakoroma. Ukinijibu kweli, hata kama kweli yenyewe ni ile ninayoidhania, chumba chetu cha zamani nimekifagia, na jiko la huko ndani linawaka.

Dada yako,
Orlena